Uliza Tukujibu: Kim akilipua bomu, mbona watu wa Seoul wanaenda kazini kama kawaida?

Kila Korea Kaskazini, nchi ya huyo Kim Jong Un, wakirusha kombora au wakitoa vitisho vipya maswali yenu yanaongezeka, na nimegundua wengi hamuulizi sana habari za bomu lenyewe, mnauliza habari za watu, wanaoogopa na wasioogopa na wanaoshangilia. Nimechagua yale yanayojirudia. Penye mengi ya kusema nimesema mengi, pengine nimepita haraka.

SWALI: Habari za kazi mhariri. Binti yangu anasoma Suwon karibu na Seoul. Nikisikia kwenye taarifa ya habari Kim kasema ataiteketeza Seoul silali, nampigia saa hiyohiyo, yeye ananijibu mama niache nina mtihani, hapa hakuna mtu anayeongelea hayo. Sasa sielewi, hao watu wanafichwa na serikali yao au ni majasiri sana au vipi? Na je nimrudishe nyumbani? – Mama Mwanafunzi, Tabata

JIBU: Pole sana mama, kukosa usingizi kwa ajili ya mtoto aliye mbali siyo jambo dogo na wala usione aibu. Ila hao watu hawafichwi kitu, TV zao na magazeti yao yanatangaza kila kombora, saa limerushwa, limekwenda umbali gani, limeanguka wapi. Wanajua kuliko sisi.

Cha kuelewa kwanza ni kwamba ile vita ya Korea iliyoanza 1950 haijawahi kuisha kwa mkataba wa amani, walisaini tu kusimamisha mapigano tarehe 27 Julai 1953 basi, mpaka leo. Na Seoul iko kama kilomita 50 tu kutoka mpakani, yaani ni kama Posta mpaka Kibaha na kusogea mbele kidogo, na ng'ambo ya huo mpaka kuna mizinga mingi sana ambayo imeelekezwa Seoul miaka nenda rudi. Kwahiyo Korea Kaskazini walipolipua bomu lao la kwanza la nyuklia tarehe 9 Oktoba 2006 mtu wa Seoul hakuanza siku hiyo kuishi na hatari ya kufa kwa dakika chache, alizaliwa nayo, na baba yake aliishi nayo. Bomu limeongeza ukubwa wa hatari lakini halikuleta hatari mpya kwake kama lilivyoileta kwa mtu wa Japani au Hawaii, na hapo ndipo ilipo tofauti kubwa ambayo waandishi wa habari wa nje wakishuka Seoul na kamera zao huwa wanaikosa, wanatafuta watu wanaokimbia wanakuta watu wamekaa kwenye foleni ya basi.

Lakini usidhani walizaliwa na moyo wa chuma. Machi 1994 mjumbe wa Kaskazini kwenye kikao cha pale mpakani Panmunjom alisema Seoul itageuka kuwa bahari ya moto, na ilipofika Juni mwaka huohuo mvutano umepanda watu walivamia maduka wakanunua mchele, mishumaa na zile tambi za pakiti wanaziita ramyeon, mashelfu yakabaki matupu. Vita haikuja. Wakatishiwa tena, haikuja. Mtu ukitishiwa miaka na miaka na bado una ada ya shule ya kulipa na kodi ya nyumba unajifunza kuendelea na maisha, siyo kwamba hujali. Hata jaribio kubwa kuliko yote ya Kaskazini, lile la tarehe 3 Septemba 2017, kesho yake soko la hisa la Seoul lilishuka kwa kama asilimia 1 tu hivi. Alafu kumbuka karibu kila kijana wa kiume kule anapita jeshini mwaka na nusu hivi, kwahiyo hayo mambo ya mpakani yapo ndani ya kila familia, kila mama kule amewahi kukosa usingizi kama wewe.

Na ukitaka kuona wasiwasi wao usiutafute barabarani, uutafute kwenye kura za maoni. Utafiti wa Chicago Council, taasisi ya utafiti ya Marekani, uliotoka Februari 2022 ulikuta asilimia 71 ya Wakorea Kusini wanataka nchi yao nayo iwe na silaha zake za nyuklia. Asilimia 71! Watu waliotulia kweli rohoni hawajibu hivyo. Au uangalie kilichotokea kaunti ya Seongju, wakulima wa yale matikiti madogo ya njano, Julai 2016 serikali ilipotangaza kwamba mtambo wa Kimarekani wa kutungua makombora unaoitwa THAAD utafungwa kwao. Waziri mkuu alienda kuongea nao wakamrushia mayai na chupa za maji. Walikuwa wanaogopa mionzi ya rada ya mtambo huo kwenye mashamba yao na wanaogopa wao ndio watakuwa wa kwanza kulengwa, na hakuna aliyewauliza kabla. Hiyo nayo ni reaksheni ya wananchi kwa bomu la Kim, japo haina picha ya mtu anayekimbia.

Ila utulivu huo una hasara yake na nikuambie ukweli. Tarehe 31 Mei 2023 asubuhi saa 12 na dakika 41 watu wa Seoul waliamshwa na king'ora na meseji ya mji kwenye simu, inasema wananchi jiandaeni kuondoka, watoto na wazee watangulizwe. Basi. Haikusema kwa nini, haikusema waende wapi. Watu wakakimbilia kwenye intaneti, Naver ambayo ndiyo wanaitumia wote kutafuta habari ikazidiwa ikakwama, na dakika 22 baadaye wizara ya mambo ya ndani ikatuma meseji kwamba ile ya mwanzo ilitumwa kimakosa. Kaskazini walikuwa wamejaribu kurusha satelaiti na haikuwa inaelekea Seoul. Meya akaomba radhi. Asubuhi ile wengi ndio wakagundua kwamba hawajui hata sehemu ya kujificha ya karibu na nyumba yao iko wapi, na Agosti mwaka huohuo nchi nzima ikafanya zoezi la kujikinga kwa mara ya kwanza baada ya miaka 6.

Kumrudisha binti? Mimi sioni sababu, muache amalize masomo. Ila muombe mambo haya na usikubali akujibu juujuu: ajue stesheni ya treni ya chini ya ardhi au paking ya chini iliyo karibu na anapolala na anaposoma, maana hizo ndizo sehemu za kujikinga na zina alama, apakue ile programu ya serikali yao ya Emergency Ready App ambayo ina Kiingereza, kwa sababu meseji za dharura zinakuja kwa Kikorea, na ajiandikishe ubalozini, Tanzania tuna ubalozi palepale Seoul. Akishafanya hivyo na wewe ujitahidi kulala mama.

SWALI: Wakilipua bomu ile sumu inaweza ikaletwa na upepo mpaka huku kwetu? Kuna clip inazunguka inasema tusinywe maji ya mvua. – Msomaji wa Tanga

JIBU: Kunywa maji ya mvua kama ulivyozoea, ukichemsha. Majaribio yote 6 ya Korea Kaskazini, kuanzia 2006 mpaka 2017, yalifanyika chini ya mlima sehemu inaitwa Punggye-ri, na kinachovuja ni kidogo sana. Baada ya lile la Februari 2013 vifaa vya CTBTO, shirika la kimataifa linalofuatilia majaribio ya nyuklia, vilikuja kunasa chembe za gesi ya xenoni pale Takasaki, Japani, kama siku 55 baadaye, na hiyo ni kama kilomita 1,000 tu kutoka kwenye mlima na ni kiwango ambacho bila mashine maalumu huwezi kukijua. Huku Tanga hakuna kitu. Aliyetengeneza hiyo clip anawatisha watu bure.

SWALI: Mhariri nyie vyombo vya habari mnafuata wazungu tu. Kim ni mwanaume, anawaambia wakubwa ukweli. Gaddafi angekuwa na nyuklia leo angekuwa hai na Libya ingekuwa nchi. Marekani ana maelfu ya mabomu mbona hamuandiki? Sisi huku kijiweni akirusha kombora tunashangilia. – Mwana wa Afrika, Mwanza

JIBU: Kaka yangu, nimekusoma vizuri, na kabla sijabishana na wewe nikukubalie kwanza palipo pako. Ni kweli Libya ilikubali kuachana na mpango wake wa silaha Desemba 2003, na ni kweli Oktoba 2011 Gaddafi aliuawa baada ya miezi ya mabomu ya NATO, na Pyongyang wenyewe 2011 walisema wazi kwamba hilo ni funzo. Na ni kweli nchi pekee iliyowahi kulipua bomu hilo juu ya watu ni Marekani, Hiroshima tarehe 6 Agosti na Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Kwahiyo hasira yako naielewa inakotoka, na kijiwe chenu siyo peke yake, nasikia maneno hayohayo kwenye daladala, saluni, kila mahali.

Ila naomba nikuulize, unaposhangilia unamshangilia nani? Maana hapo kuna mtu mmoja na kuna watu kama milioni 26, na tunaongea kana kwamba ni kitu kimoja.

Chukua hilo jaribio la 3 Septemba 2017. Bomu la kwanza la 2006 lilikuwa chini ya kilotani 1, yaani nguvu ya tani elfu moja za baruti ya TNT, hili la sita makadirio mengi yanasema kati ya 100 na 250, na la Hiroshima lilikuwa kama 15 tu, kwahiyo piga hesabu mwenyewe. Mlima Mantap, ule wa Punggye-ri, ulitikisika vipimo vya Marekani vikasoma tetemeko la 6.3, dakika 8 hivi baadaye likaja lingine dogo, wataalamu wakasema ndani ya mlima pameporomoka. Ng'ambo ya mpaka Uchina, mji wa Yanji, watu walitoka nje ya majengo mbio Jumapili asubuhi hawajui ni nini. Sasa kama Yanji walikimbia, wale wanaoishi chini ya mlima wenyewe, wilaya ya Kilju, ilikuwaje kwao? Hakuna mwandishi aliyeenda kuwauliza. Hatuna clip yao hata moja. Sisi tulichoonyeshwa ni yule mama mtangazaji Ri Chun Hee na vazi lake la waridi anatangaza ushindi, na siku tatu baadaye uwanja wa Kim Il Sung pale Pyongyang umejaa watu wanapiga makofi na fataki zinapasuka juu.

Wachache wa Kilju waliofanikiwa kutoroka wakafika Kusini wamekuwa wakisimulia habari za magonjwa ambayo hawayaelewi, na wasiwasi wa maji yanayoshuka kutoka mlimani, maana ndiyo wanayokunywa. Serikali ya Korea Kusini ilipima watu 80 waliotoka maeneo hayo na majibu yakatangazwa Februari 2024, 17 kati yao walikutwa na mabadiliko kwenye kromosomu, zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi wa mtu. Wizara ikasema haiwezi kuthibitisha kwamba yanatokana na majaribio, inaweza ikawa umri, sigara, eksirei, na mimi sitakuongezea chumvi, hawajathibitisha. Lakini kaka, mwananchi wa Kilju akiwa na mashaka na maji ya kisima chake anamuuliza nani? Anaandamana wapi? Wale wakulima wa matikiti wa Seongju niliowasema hapo juu walimrushia mayai waziri mkuu wakarudi nyumbani jioni. Kilju ukimrushia yai kiongozi sina haja ya kukuambia. Na hao ni watu ambao miaka ya tisini walipita kwenye njaa iliyoua watu wengi mno, makadirio ya chini ni laki kadhaa, huku mpango wa silaha ukiendelea.

Mimi nikisikia limerushwa jingine nawaza hao. Wewe mtetezi wa wanyonge, na naamini kabisa wewe ni mtetezi wa wanyonge ndiyo maana umeandika, basi mnyonge wa kwanza katika hii habari ni yule anayekaa chini ya ule mlima na hana hata haki ya kusema ninaogopa.

Na kuhusu wakubwa, ndiyo wanapaswa kuandikwa, wana maelfu kweli. Ila kuchukia bomu la Marekani na kupenda la Kim haviendi pamoja. Hata sisi Waafrika tulishakataa yote, Mkataba wa Pelindaba unaoifanya Afrika kuwa bara lisilo na silaha za nyuklia umeanza kufanya kazi 2009, na hasira ile ilianza zamani Wafaransa walipolipua la kwanza lao jangwani Algeria Februari 1960, Nkrumah akazuia mali za Wafaransa Ghana. Hao wazee hawakuuliza bomu ni la nani.

SWALI: Asalaam aleikum. Mbona Wajapani wao walijificha na Hawaii watu walilia, wakati Wakorea ndio wako karibu zaidi? Watu wa kule ni waoga? – Bi Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam bi mkubwa. Waoga hapana. Fikiria tarehe 29 Agosti 2017, saa 12 na dakika 2 asubuhi, simu za watu wa kaskazini mwa Japani zinapiga kelele zote kwa pamoja, kombora limerushwa, ingieni kwenye jengo imara au chini ya ardhi. Lilikuwa limeshakaa angani dakika 4 hivi na lilikuwa linapita juu ya Hokkaido karibu wakati huohuo. Dakika hizo mtu wa kijijini mwenye nyumba ya mbao anaingia chini ya ardhi ipi? Wengi walisema hivyohivyo, tumeambiwa tukimbie lakini hatukuambiwa wapi. Na hii ni nchi ambayo bado ina wazee walioungua Hiroshima na Nagasaki, ambao chama chao cha Nihon Hidankyo kilipewa Nobeli ya Amani 2024. Pale Hiroshima kwenye jumba la makumbusho kuna saa ya kuhesabu siku tangu jaribio la mwisho la nyuklia popote duniani, na kila mtu akilipua inarudishwa kuanza upya, na meya anaandika barua ya kupinga, awe ni Kim au ni Marekani. Na kitu ambacho wengi hawakijui, kati ya waliokufa na kuungua kule Hiroshima makumi ya maelfu walikuwa Wakorea, walionusurika wengi walirudi Hapcheon huko Korea Kusini mpaka watu wakaiita Hiroshima ya Korea. Kwahiyo Mkorea na Mjapani kwenye hili wana kovu moja japo mara nyingi hawaelewani.

Hawaii ndiyo iliniuma zaidi. Tarehe 13 Januari 2018 saa 2 na dakika 7 asubuhi, siku ya Jumamosi, meseji ikaingia kwamba kombora linakuja, jificheni mara moja, hili siyo zoezi. Watu wakapiga simu kuagana, kuna aliyeonekana kwenye video anamshusha mtoto kwenye shimo la mfereji. Ilikuwa makosa ya mfanyakazi wa kituo cha dharura, na ilichukua dakika 38 kutuma meseji ya kusahihisha kwenye simu zao. Dakika 38 bi mkubwa, mama ana watoto wawili sehemu mbili tofauti anachagua aende kwa yupi. Gavana mwenyewe alikuja kusema alichelewa kuandika Twitter kwa sababu alikuwa hakumbuki jinsi ya kuingia kwenye akaunti yake. Siku tatu baadaye na NHK, shirika la utangazaji la Japani, nayo ikatoa tahadhari ya uongo, ila wao walisahihisha ndani ya dakika 5.

Wale waliolia siwezi kuwaita waoga, walifanya kile ambacho mtu yeyote anayeamini serikali yake angefanya. Na hata Wachina ambao ndio jirani rafiki wa Kim waliingia hofu, Desemba 2017 gazeti la mkoa la Jilin Daily lilitoa ukurasa mzima wenye michoro ya namna ya kujikinga na mlipuko wa nyuklia, watu wakashtuka kwamba kuna kitu serikali inajua, ikabidi waambiwe ni elimu tu. Ukiwaambia watu nusu habari wanajazia nusu nyingine kwa hofu, na sijaona nchi ambayo haiko hivyo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa la sita. Wanafunzi wameona hizo clip wananiuliza kama vita ya tatu ya dunia inakuja na sisi inatuhusu nini. Niwajibu vipi bila kuwatisha wala kuwadanganya? – Mwalimu, Machakos

JIBU: Mwalimu shikamoo, na asante kwa kutotaka kuwadanganya. Usiwaambie haitatokea kamwe maana hujui, waambie ukweli kwamba tangu 2017 Korea Kaskazini haijalipua bomu la nyuklia la majaribio, na kwamba makombora wanayorusha mara nyingi yanaangukia baharini. Waonyeshe ramani, waone wenyewe umbali.

Na inatuhusu, tena Machakos imo kabisa. Kule Kilimambogo kuna kituo cha kupima mitetemo ya ardhi ambacho kiko kwenye mtandao wa CTBTO wa kunasa majaribio ya nyuklia dunia nzima, mtu hawezi kulipua kimyakimya akasema ni tetemeko la kawaida, na sehemu ya masikio hayo iko Kenya. Wakiwa na hamu zaidi waambie pia kwamba sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Katanga, kwa majirani zetu wa Kongo wanaoongea Kiswahili kama wao, na waliouchimba hawakuambiwa unaenda kufanya nini. Watoto wa darasa la sita wanaelewa vizuri sana habari ya mtu kutumika bila kuambiwa, utashangaa maswali watakayokuuliza, na wakikuuliza lolote ambalo huna jibu niletee hapa.